Ng'ombe wa Mbao Katika Ghala la Pamba

Ghala la tatu la chama cha ushirika, lililokuwa karibu na reli mjini Shinyanga, lilikaa tupu tangu msimu uliopita, na machoni pa Mwahija binti Maulidi utupu huo ulikuwa dhambi. Kila alipopita mbele yake akienda kazini, alilitazama kama mtu mwenye wageni wengi atazamavyo sufuria kubwa la jirani. Lilikuwa na urefu wa futi tisini na upana wa futi arobaini. Paa lake la mabati lilikuwa zima, na sakafu yake ya saruji ilikuwa imelainishwa na marobota ya pamba yaliyoburutwa juu yake kwa miaka kumi na mitano. Huko nje, vumbi la kiangazi cha mwaka ule wa 1972 lilikuwa likikimbizana na upepo tangu asubuhi hadi jioni, na watoto wa mtaa wa Kambarage walikuwa wakikimbizana na vumbi hilo katikati ya barabara ya malori.

Mwahija alikuwa bibi maendeleo wa mji. Alizaliwa Ujiji, akasomea Tabora, na mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu aletwe Shinyanga kuwafundisha akina mama kushona, kusoma na kupika uji wa watoto wachanga. Kazi hiyo aliifanya vizuri. Lakini tangu siku alipoliona lori likisaga gari la mabua la mtoto mmoja, hatua mbili tu kutoka mahali aliposimama mtoto mwenyewe, alikuwa na jambo moja kichwani ambalo halikuandikwa katika barua yake ya ajira. Alitaka nyumba ya burudani yenye paa, ambamo mtoto wa miaka minne na bibi yake wa miaka sabini wangeingia wameshikana mikono, kisha wote wawili wakakataa kutoka.

"Wote wawili wakakataa kutoka," Meneja Donatus alirudia, akimtazama juu ya miwani yake. Yeye ndiye aliyeshika funguo za maghala yote ya ushirika. Juu ya meza yake palikuwa na sahani yenye masazo ya ugali na birika la chai, na katika pembe ya ofisi mkeka ulikuwa umekunjwa pamoja na mto. Mwahija aliviona vyombo hivyo akamheshimu. Mtu anayekula na kupumzika ofisini, alijiambia, ni mchapakazi.

"Sijapata kuliona jambo hilo, Bibi Maendeleo. Watoto wakifurahi, wazee huumwa vichwa. Wazee wakifurahi, vijana husinzia. Na vijana wakifurahi," alisema akiinua kidole, "mimi huitwa polisi kutoa ushahidi."

"Ni kwa sababu hakuna mtu aliyelipanga, Bwana Meneja. Watu hupanga mahali pa kunywea, hupanga mahali pa kuchezea mpira. Mahali pa familia nzima hawapapangi, hutumaini patatokea penyewe."

Donatus alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki, ingawa mwezi ule wote alionekana amekunja uso kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine.

"Nakupa Jumapili mbili," alisema hatimaye. "Ya kwanza ya kujaribu. Ya pili nitakuja mimi pamoja na kamati. Ikifika saa kumi na moja jioni nikawakuta humo watoto, vijana, wazazi na wazee, wote wamekaa kwa hiari yao, ghala ni lenu moja kwa moja. Nikikuta rika moja limepungua, Jumatatu naingiza magunia. Baada ya Sabasaba msimu unafunguliwa, na pamba haina utani."

"Nawe utawaleta mke na watoto?"

"Mke wangu ana mgeni," Donatus alijibu kwa mkato, akaifunika sahani yake kwa gazeti.

Kazi ya mbao Mwahija alimpa Fundi Jilala, mzaliwa wa Didia, aliyekuwa na karakana ndogo Kambarage. Jilala alikuwa mtu wa miraba minne, mpole, mwenye penseli sikioni na maneno machache kinywani. Aliweza kutengeneza kabati zima, akalipeleka kwa mwenyewe, akarudi nyumbani, huku amesema "haya" mara tatu tu.

Mwahija alilitandaza sakafuni karatasi la kaki lililotoka katika mfuko wa sukari, ambalo juu yake alikuwa amechora kwa rula kila kitu alichokiwaza kwa mwaka mzima. Ule mtelezo wa mbao uliotumika kushushia marobota ungepigwa randa mpaka uwe laini kama sabuni, nao ungekuwa wa watoto. Pembea nne zingening'inizwa katika kenchi za paa. Wazee wangepata mabao matatu ya mninga na viti vyenye migongo. Akina mama wangepata jamvi la kusukia na mahali pa kuwekea vichanga. Vijana wangepata santuri, meza ya drafti na uwanja wa kuchezea. Na mabenchi yote yangepangwa kwa duara, yakiangaliana.

"Hapa ndipo penye siri yenyewe, Fundi," alisema kwa fahari, akiligonga duara kwa kidole. "Bibi akiwa anasuka amwone mjukuu anateleza. Mjukuu akiteleza amwone babu anacheza bao. Kijana amwone mzazi wake. Kila mtu amwone kila mtu! Hapo ndipo raha ya mmoja inapokuwa raha ya wote."

Jilala aliitazama ile michoro kwa muda mrefu.

"Mlango ni huu mmoja, Mama Zamoyoni?" aliuliza, akimwita kwa jina la mwanawe kama mtaa mzima ulivyomwita.

"Ni mmoja, mpana, ili familia iingie pamoja."

"Na ule wa nyuma, wa kupakilia?"

"Upigilie misumari. Watoto watatorokea huko."

Jilala aliitoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake kama aliyetarajia kuona jibu limeandikwa pale, kisha akairudisha.

"Kila mtu amwone kila mtu," alisema.

"Ndiyo."

"Haya," alisema Fundi Jilala, akaenda kutafuta misumari.

Jumapili ya kwanza watu walifurika. Walikuja wa Kambarage kwa miguu na wa Didia kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe, wamevaa nguo zao za kanisani na za sikukuu, wamebeba karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Watoto waliuvamia mtelezo kwa kelele zilizotikisa mabati. Mwahija alisimama karibu na mlango akiamkia na kuamkiwa, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, ambacho mama humwita mayu, "Shikamoo, bibi," "Marahaba, mwanangu," "Mwangaluka, mayu," "Mwangaluka," mpaka sauti ikamkauka kwa furaha.

Kisha jambo la ajabu likaanza kutokea. Bujiku, kijana mwenye duka la baiskeli, aliingia na mkewe na watoto wanne. Alitembea hatua tatu, akatazama ng'ambo ya duara, akaganda. Mara akavua koti, akajifunika kichwa kama mtu aliyenyeshewa mvua, akageuka na kutoka mbio. Mkewe alibaki amesimama, akawakusanya watoto mmoja mmoja, naye akaenda zake. Dakika tano baadaye mama mmoja mwenye kilemba cha samawati alinyanyuka, akakunja ususi wake na kuondoka akitazama ukuta. Mzee Mihayo, bingwa wa bao, alikuwa bado hajakamilisha mchezo wake wa kwanza alipomwona mke wa mwanawe akiingia na mtoto mgongoni. Yule mke alirudi nyuma, Mzee Mihayo akakohoa, na kete zikabaki ndani ya bao bila wachezaji.

Ilipotimia saa tisa, ghala zima lilibaki na watoto kumi na wawili, mbwa mmoja, na Chausiku, jirani yake Mwahija, ambaye alikuwa ameleta maandazi na hakuwa na pa kuyapeleka.

"Mama Zamoyoni," alisema Chausiku akitafuna, "mimi nimeona watu wakikimbia nyuki, nimeona watu wakikimbia ng'ombe dume. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona watu wakikimbia raha."

"Usinicheke, Chausiku."

"Sikucheki. Nakula tu."

"Mpango wenyewe haukuwavutia. Wameuona umepooza."

"Aliyekimbia na koti kichwani hakupooza hata kidogo," alisema Chausiku.

Mwahija alimwuliza mama mmoja, akawauliza wa pili na wa tatu. Wote walimjibu kwa adabu kubwa kwamba ghala ni zuri mno, kwamba maandazi ni matamu, kwamba kulikuwa na mgonjwa nyumbani. Wagonjwa wa Jumapili ile walikuwa wengi kuliko vitanda vya hospitali. Basi akaamini alichokuwa anakiogopa, kwamba burudani haikutosha, akaazimia kuiongeza. Jumatatu asubuhi alikuwa karakanani kwa Jilala.

"Nataka sanduku la vikaragosi, Fundi. Kubwa, la kumwenea mtu mzima ndani, lenye dirisha mbele na pazia. Liwe katikati ya duara. Na unichongee mzee mwenye ndevu na ng'ombe mwenye kiburi. Hapo tutaona nani atakayetoka."

Jilala alifungua kinywa. Mwahija alisubiri. Fundi alionekana kama mtu anayetaka kuinua gogo zito, analipima, analizunguka.

"Mama Zamoyoni, kuhusu lile duara..."

"Lina nini?"

Jilala aliangalia huku na huku. Mkewe alikuwa akipepeta mchele hatua chache kutoka pale.

"Haya," alisema kwa huzuni, akaokota kipande cha mninga.

Hata hivyo kichwa cha ng'ombe alichokichonga kilikuwa cha kustaajabisha. Pembe zilikuwa zimepinda kama za ng'ombe wa mahari, masikio ya ngozi yalicheza, na taya la chini lilifunguka na kufungwa kwa kamba. Mwahija alilichezesha mwenyewe, akacheka peke yake kama mtoto, na tumaini likamrudia.

Jumapili ya pili watu walikuja tena, kwa maana habari ya ng'ombe ilikuwa imeenea. Walipungua kidogo, lakini walikuja. Mzee Mihayo alirudi kwenye bao lake, na safari hii alimkuta mpinzani asiyemtarajia, Bibi Scolastika, mama mnene mcheshi kutoka Masumbwe, ambaye alikuwa mjini kwa mwezi mzima akimtembelea binti yake. Aliketi mbele ya bao bila kukaribishwa, akampokonya Mzee Mihayo kete saba kwa mkupuo, akaomba karanga.

Saa tisa na robo Mwahija aliinama nyuma ya sanduku la vikaragosi ili aingie kuanza mchezo, akalikuta lina mtu. Fundi Jilala alikuwa amejikunyata humo, magoti yamegusa kidevu, nyundo mkononi.

"Fundi! Unafanya nini humo?"

"Nilikuja kukaza bawaba," Jilala alinong'ona.

"Imekazika?"

"Imekazika."

"Basi toka, watu wanangoja."

"Sitoki."

Mwahija alidhani hakusikia vizuri. "Husemi kweli."

"Mama Zamoyoni, yule aliyekaa benchi la mbele, mwenye kitenge cha njano, bado yupo?"

Mwahija alichungulia. "Bibi Paskazia wa Didia? Yupo. Amevua viatu kabisa."

"Usimtaje kwa sauti!" Jilala alijikunja zaidi, kana kwamba hilo liliwezekana. "Ndiye aliyemzaa mke wangu."

"Vizuri. Toka umsalimie."

Katika mwaka mzima waliofahamiana, Mwahija hakuwahi kumsikia Jilala akisema sentensi tatu mfululizo. Sasa alizisema, kwa mnong'ono, uso umeelekea ubao.

"Mama Zamoyoni, kwetu sisi mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawali mahali pamoja. Vivyo hivyo baba mkwe na mke wa mwanawe. Si ugomvi, ni heshima, na kwa kuwa ni heshima, hatuisemisemi mbele za watu."

Mwahija alibaki ameinama vilevile. Mbele ya macho yake likapita koti la Bujiku, kikapita kilemba cha samawati, kikapita kikohozi cha Mzee Mihayo. Kwao Ujiji mkwe aliketishwa mahali pazuri kuliko pote na kupakuliwa nyama ya kwanza. Hapa alikuwa amejenga duara zuri, lenye mlango mmoja, ili kila mtu amwone kila mtu; akapigilia misumari mlango wa pili; halafu akawaalika wakwe wa wilaya nzima.

"Na wewe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukasema 'haya'."

"Nikasema 'haya'," Jilala alikiri kwa uchungu.

Mwahija aliinuka. Mlangoni Bujiku alikuwa amefika na mkewe na watoto wanne, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye ukosi wa koti. Upande wa pili wa duara, mama wa kilemba cha samawati alikuwa ameanza kukunja ususi. Bado saa moja na dakika arobaini kabla ya saa kumi na moja. Alihitaji mlango wa nyuma ufunguliwe, alihitaji ukuta katikati ya ghala, na fundi pekee aliyejua mahali pa kila msumari alikuwa ndani ya sanduku.

"Hutatoka kabisa?"

"Hata ghala likiwaka moto."

"Basi sema humohumo ulimo," alisema Mwahija, akampenyezea kile kichwa cha mbao. "Sema kwa kinywa cha ng'ombe."

Jilala alikipokea. Kisha pazia likatikisika, na pembe mbili zikachomoza.

"Enyi watu wa Shinyanga!" alinguruma ng'ombe kwa sauti ya puani, nzito, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Bujiku aliliacha koti. "Mimi ng'ombe nimechoka! Nani alijenga zizi hili?"

"Fundi Jilala!" watoto waliitika.

"Jilala wa Didia?"

"Ndiyee!"

"Mvivu yule! Zizi gani lina mlango mmoja? Alijua kosa lake, akanyamaza kama kisiki!"

"Kweli kabisa!" Bibi Paskazia alipaza sauti kutoka benchi la mbele, akipiga paja. "Namfahamu huyo! Semea hapohapo, ng'ombe!"

Kicheko kilipanda mpaka kwenye kenchi. Ng'ombe alisita kidogo, taya likabaki wazi, kisha akameza mate, jambo ambalo ng'ombe wa mbao huwa halifanyi.

"Vijana!" aliendelea. "Nyuma kuna mlango wa kupakilia pamba. Una misumari sita, mitatu juu, mitatu chini. Mtarimbo uko chini ya benchi la wazee. Wa mwisho kufika atalala zizini nami!"

Vijana waliinuka kama waliomwagiwa maji ya moto. Santuri iliachwa ikiimba peke yake.

"Akina mama! Pembeni kuna magunia mia moja matupu ya chama yanayongoja pamba. Bibi Maendeleo amewafundisha kushona mwaka mzima, au alikuwa akiwafundisha kunywa chai?"

"Haa! Huyu ng'ombe ana mdomo mchafu!" alisema mama wa kilemba cha samawati, lakini alikuwa amekwisha kurudisha ususi chini, na mkono wake ulikuwa ukitafuta sindano. Mwahija aligawa sindano za magunia na nyuzi za katani. Wale wanafunzi wake waliokuwa wakilalamika darasani kwamba vidole vinauma waliketi mistari miwili, wakaunganisha gunia kwa gunia kwa kasi ya cherehani. Watoto walikimbia huku na huku wakibeba kamba. Ng'ombe aliwaita wazee, akawaambia kwamba vijana hawana macho, na kwamba pazia lisiponyooka lawama ni yao. Basi Mzee Mihayo na Bibi Scolastika waliacha bao, wakasimama kila mmoja upande wake wakiamuru.

"Kulia!"

"Kushoto, baba! Wewe huoni?"

"Mayu, nilikuwa nikifunga kamba za hema kabla hujaota meno."

"Na bado hujajua kulia ni wapi!"

Pazia lile la magunia lilitundikwa kwenye kenchi, likaligawa ghala kwa urefu wake wote, kutoka ukuta hadi ukuta. Mwahija aliamuru lisifike chini. Liliishia magotini pa mtu mzima, ili mtoto yeyote apite chini yake kwa kuinama tu, kwa sababu watoto hawakuwa wakwe wa mtu. Mabenchi ya duara yakageuzwa, nusu huku, nusu kule. Ukumbi wa mlango wa mbele ukawa wa wale waliotaka kuwakwepa wale wa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma, ambao sasa ulikuwa wazi ukiingiza mwanga wa jioni, ukawa wa hao wengine. Katikati, kwenye mstari wa pazia, lilisimama sanduku la vikaragosi. Bujiku, aliyekuwa amezunguka na kuingia kwa nyuma kifua mbele, alipewa kazi ya mwisho, naye aliung'oa ubao wa mgongo wa sanduku. Sasa lilikuwa na midomo miwili, na ng'ombe aliweza kugeuka na kuzitukana pande zote mbili kwa haki.

"Fundi, njia yako ya kutokea hiyo hapo," Mwahija alinong'ona kwenye upenyo mpya.

Jilala aliutazama mlango wa nyuma. Alikuwa ametota jasho, na macho yake yaling'aa.

"Ngoja kwanza, Mama Zamoyoni," alisema. "Kuna mambo bado sijawaambia." Akageuka, akainua pembe.

Saa kumi na moja kasorobo Meneja Donatus alifika na wanakamati wawili. Aliwatanguliza wanakamati, akachungulia mlangoni, mara akaruka nyuma na kuubana ukuta kwa mgongo.

"Karibu, Bwana Meneja," alisema Mwahija.

"Nani yule anayecheza bao?"

"Bibi Scolastika wa Masumbwe. Yuko mjini mwezi mzima sasa."

"Najua yuko mjini mwezi mzima," alisema Donatus kwa sauti ya chini. "Hakuna mtu Shinyanga nzima ajuaye hilo kuliko mimi."

Mwahija aliukumbuka ule mkeka uliokunjwa, ule mto, na ile sahani ya ugali iliyofunikwa gazeti. Alitaka kucheka, akajizuia, kwa kuwa nyumba ya vyumba viwili si jambo la kuchekwa.

"Bwana Meneja," alisema kwa heshima kubwa, "mlango wako ni ule wa nyuma."

Donatus alizunguka ghala bila kuuliza neno. Alipoingia aliwakuta Bujiku na wenziwe wameketi, wanacheka, na miguu ya akina mama inaonekana chini ya pazia ikipiga sakafu kwa kufuata santuri. Alikaa pembeni ya benchi, amenyooka kama yuko ofisini. Punde gunia lilitikisika, na watoto wake watatu wakatokeza chini yake, mmoja akiwa na kisahani cha michembe.

"Baba! Bibi anasema mtu aliye upande huu ale hii."

"Bibi amejuaje kama nimekuja?"

"Ameviona viatu."

Donatus alivitazama viatu vyake kwa muda. Kisha akavivua, akampakata mdogo wao, akala michembe ile yote, ikiwa ni mara ya kwanza kwa mwezi mzima kula huku watoto wake wakimtazama. Wanakamati walipita wakihesabu. Watoto walikuwapo, wamejaa vumbi la mtelezo, vijana walikuwapo, wazazi walikuwapo, wazee walikuwapo, na mmoja wao alikuwa akidai kwamba ameibiwa kete.

Kengele ya reli iligonga saa kumi na moja. Hakuna aliyeinuka.

Ng'ombe aligeuza kichwa, akamwelekezea Meneja pembe zake. "Bwana Donatus! Inasemekana Jumatatu unaingiza magunia humu."

Mwahija alijikuta ameshika ukingo wa pazia kwa mikono miwili.

Donatus aliyatazama yale magunia mia moja ya chama, yaliyoshonwa kwa mistari iliyonyooka, yakipepea polepole kwa upepo wa mlango wa nyuma. Alimtazama mtoto aliyelala kifuani pake.

"Magunia yamekwisha kuingia," alisema. "Pamba itatafuta ghala lingine."

Vigelegele vilitoka kwanza upande wa mbele, vikajibiwa na makofi ya upande wa nyuma. Chausiku alimkumbatia Mwahija kwa mikono yenye sukari. Watoto, ambao hawakujua kama lolote lilikuwa hatarini, waliendelea kuteleza.

Watu walipoanza kuondoka, jua likiwa bado linachungulia mlangoni, Bibi Paskazia alivaa viatu vyake taratibu, akafunga kitenge chake cha njano na kulipitia sanduku. Alisimama kando yake, uso ameuelekeza kwenye mtelezo.

"Ng'ombe," alisema, "ukikutana na yule fundi mvivu wa Didia, mwambie kuna jogoo nimemletea, yuko kwa binti yangu. Na mwambie asiseme tena kwa pua namna ile. Atapata mafua."

Ndani ya sanduku mtu alikohoa. Kisha pembe mbili ziliinama kwa heshima, zikainama tena, na kubaki zimeinama mpaka kile kitenge cha njano kilipotoka kwa mlango wa mbele.